AFYA BILA DAFTARI



Iko methali ambayo kila karani aliyepata kushika kalamu aijua: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa methali hii tumelelewa kazini. Shilingi ikipungua katika kasha la ofisi huulizwa siku ile ile. Karatasi ikikosekana ndani ya jalada, karani na tarishi huitwa watoe maelezo. Lakini mtumishi mwenyewe, aliyeihesabu shilingi na kuiandika karatasi, akipungukiwa na nguvu mwaka hata mwaka, hakuna daftari liwezalo kuonyesha. Hupungua kimya kimya, na siku aangukapo, mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea na ulimi umekuwa mzito, ndipo tunapochanga fedha na kuambiana kwamba jana alikuwa mzima. Kwa kweli jana hakuwa mzima, ila hakuwa amepimwa.

Katika maneno yetu ya leo twaleta shauri moja mbele ya wanachama wa Nyakato na wa Mwanza yote. Twasema kwamba afya ya mtumishi wa makamo yafaa ipimwe kila mwaka, na hesabu yake iandikwe kwa ngazi za mshahara, matarishi na walinzi mahali pao, makarani mahali pao, na wakubwa mahali pao, ili tofauti iliyopo kati yetu ionekane na ipate kupunguzwa.

Tusemapo mtu wa makamo twamkusudia aliyekwisha kuuaga ujana na hajaufikia uzee, yaani tangu miaka 40 hivi mpaka miaka 60, ambayo kwa sheria ndiyo mwisho wa utumishi. Naye apendaye aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Huu ndio umri wenye mizigo mingi kupita yote. Watoto wako shuleni, wazazi wamezeeka kijijini, nyumba imefika kwenye linta na bati hazijanunuliwa, na misiba ya ukoo yote yamtazama yeye mwenye mshahara. Mtu akifa katika umri huu hafi peke yake. Hufa na masomo ya watoto wake, na matumaini ya wazee wake. Tena yale aliyoyakatwa katika mshahara miaka ishirini na mitano, akitazamia kuyala uzeeni, huliwa na wengine katika kesi za mirathi.

Wako watakaotuuliza kama jambo hili ni kubwa kweli, au ni hofu ya watu wachache. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Mlimani Bugando, ipo hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo watu wa Kanda ya Ziwa hupelekwa wakizidiwa. Madaktari wa huko walihesabu wagonjwa watu wazima waliolazwa kwa muda wa miaka kadhaa, zaidi ya 11,000, na hesabu ikachapishwa mwaka 2013. Karibu nusu ya vifo vilitokana na magonjwa yasiyoambukiza. Maradhi yaletwayo na shinikizo la damu, ambalo sisi sote twaliita presha, yalikuwa ya pili kwa kuua, nyuma ya UKIMWI; na kwa watu waliopita miaka 50 yalikuwa ya kwanza. Kadhalika uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu robo yao walikuwa na presha, na kama 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari.

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba presha ni ugonjwa wa wakubwa wenye magari na matumbo, na kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Ulaya. Tuyapime maneno hayo kwa hesabu. Katika miaka ya 1990 mabingwa waliofanya kazi pamoja na Wizara ya Afya walihesabu vifo nyumba kwa nyumba katika sehemu tatu za nchi yetu: mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai ambako wakulima wana nafuu, na vijiji vya Morogoro ambako watu ni maskini. Kila alipokufa mtu, jamaa zake waliulizwa dalili za ugonjwa wake, na waganga wakaamua sababu ya kifo. Matokeo kuhusu kiharusi yalichapishwa mwaka 2000. Kwa wanaume wa miaka 15 hadi 64, baada ya kusawazisha tofauti za umri, vifo kwa mwaka katika kila watu 100,000 vilikuwa 65 Dar es Salaam, 44 Hai na 35 Morogoro. Uingereza na Wales mwaka 1993 vilikuwa kama 11 tu. Kwa wanawake vilikuwa 88, 33 na 27. Na huko kwao kama 9. Basi hata mwanakijiji maskini wa Morogoro alikuwa katika hatari ya kiharusi mara tatu ya Mwingereza. Mabingwa hao walidhani kwamba sababu yake kubwa ni presha isiyotibiwa. Ugonjwa tuliouita wa Ulaya, Ulaya wamejifunza kuuzuia, nasi umetukuta tumekaa.

Sasa twaja kwenye jambo linalotuhusu sisi watumishi hasa. Huko London iko barabara iitwayo Whitehall, na pande zake zimejengwa ofisi kubwa za Serikali. Mwaka 1967 mabingwa wa afya walianza kuwapima watumishi wa ofisi hizo, wanaume zaidi ya 17,000 wa miaka 40 hadi 64, wakaandika cheo cha kila mmoja. Watu hao hawakuwa maskini wa kuombaomba. Wote walikuwa na kazi, wote walikaa katika mji mmoja, na wote walikuwa na haki ya kutibiwa bila malipo, kwa sababu Waingereza waliweka matibabu ya watu wote tangu mwaka 1948. Mtu angetazamia kwamba wangekufa kwa kiasi kimoja. Ilipopita miaka saba na nusu, ilionekana kwamba vifo vya ugonjwa wa moyo miongoni mwa watu wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na wangoja milango, vilikuwa mara 3.6 ya vifo vya wakubwa wa ngazi ya juu kabisa.

Tena haikuwa kwamba wa chini kabisa wanakufa na wengine wote wako salama. Vifo vilikwenda kama ngazi ya nyumba, kidato kwa kidato: tarishi alikufa kuliko karani, karani alikufa kuliko ofisa, na ofisa alikufa kuliko mkubwa wake. Kwa hiyo karani asiyasome maneno haya akidhani yanamhusu tarishi peke yake. Yeye naye yumo ndani ya ngazi hiyo, na juu ya kichwa chake vipo vidato.

Walipoulizwa sababu, wengi walisema ni sigara, kwa maana watu wa chini walivuta zaidi. Hesabu ikafanywa tena, sigara na presha na mafuta ya damu yakiwekwa kando, na tofauti ikapungua lakini haikwisha. Ndipo mwaka 1985 wakaanza kupima kundi la pili, watumishi 10,308, wanaume na wanawake wa miaka 35 hadi 55. Bwana Michael Marmot na wenzake walitazama pia namna kazi yenyewe ilivyo. Mwaka 1997 walieleza kwamba mtumishi asiye na amri juu ya kazi yake, asiyeweza kuamua aanze na lipi na amalize na lipi, wala apumzike saa ngapi, hupatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko yule mwenye nafasi ya kuamua.

Jambo hili si geni kwetu. Tuseme wako watumishi wawili wa ofisi moja ya mjini, wote wana miaka 50, na wote wameambiwa wana presha. Mmoja ni mkubwa, wa pili ni tarishi akaaye Nyakato. Kadi yao ya bima ni moja, maana Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, na mchango ukawekwa kuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake mtumishi na nusu mwajiri. Kwa kadi hawana tofauti. Lakini siku ya kwenda kliniki, mkubwa hutoka saa nne na gari, hurejea kabla ya saa saba, na hakuna wa kumwuliza. Tarishi huomba ruhusa kwa watu watatu. Hutoka Nyakato alfajiri na daladala, hupanga foleni ya jalada, kisha foleni ya daktari, kisha foleni ya dawa, na kurudi ofisini saa tisa. Mwezi wa pili hufanya vivyo hivyo. Mwezi wa tatu huulizwa, "Wewe kila mwezi unaumwa?" Mwezi wa nne haendi. Na kwa kuwa presha haina maumivu, huona kwamba hajambo, na dawa zilipomwishia akasema amepona. Kadi iliyo mfukoni mwake ni nzuri, ila haikumpa siku ya kwenda kuitumia.

Hiyo ndiyo maana yetu tusemapo tofauti. Wazee wetu walijua tofauti ya namna nyingine, iliyoandikwa mlangoni. Zamani za ukoloni, katika Dar es Salaam, Wazungu walitibiwa katika hospitali ya Ocean Road kwenye upepo wa bahari, na Waafrika walikuwa na Sewa Haji. Mtu aliiona tofauti hiyo kwa macho, akaweza kuisema, na uhuru ulipokuja ikaondolewa. Tofauti ya siku hizi haina ubao. Imejificha ndani ya damu, na ndani ya ruhusa iliyokataliwa, na ndani ya chupa ya dawa iliyokwisha. Hakuna jicho la kuiona isipokuwa hesabu.

Wala vyama vya watumishi havikuanza jana. Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na mwenye kukiongoza alikuwa Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891. Bwana huyo alipanda mpaka akawa miongoni mwa Waafrika wa cheo cha juu kabisa katika ofisi za Serikali, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Juu ya hayo yote, alifariki kabla ya kutimiza miaka 50. Waliotutangulia walidai mishahara, vyeo na heshima, nasi twawashukuru. Mshahara bila uhai wa kuula ni deni ambalo zamu yetu yatupasa kulidai.

Hata hivyo, tusichukue hesabu ya London kama kanzu iliyokwisha kushonwa tukaivaa. Kwetu mambo mengine yamegeuka. Katika hesabu ile ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro tuliona kwamba wa mjini walikufa kwa kiharusi kuliko maskini wa shamba. Yawezekana basi kwamba katika ofisi moja ya hapa Mwanza, mkubwa anayekaa kitini tangu asubuhi na kula nyama choma jioni ana presha na sukari kuliko tarishi anayetembea kutwa, lakini mkubwa ndiye anayepata dawa na tarishi ndiye anayekufa. Kuwa na ugonjwa ni jambo moja, na kutibiwa ugonjwa huo ni jambo la pili. Kwa hiyo daftari letu liwe na safu mbili. Safu ya kwanza iandike ni wangapi wenye presha katika kila ngazi. Safu ya pili iandike, katika hao wenye presha, ni wangapi ambao imeshuka na kukaa mahali pake kwa sababu wanatibiwa. Mwenye kusoma safu ya kwanza peke yake atadanganyika.

Namna ya kupima si ngumu. Mtu akae kitini dakika tano, ametulia, mkono umewekwa juu ya meza, afungwe kitambaa cha kipimo, apimwe mara mbili au tatu. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, apimwe tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa, maana hata kupanda ngazi kwa haraka au kugombana na kondakta huipandisha. Damu ya kidoleni ionyeshe sukari. Kiuno kipimwe kwa futi ya fundi cherehani. Kazi hii huchukua kama robo saa kwa mtu mmoja.

Namna ya kuhesabu ndiyo itakayo uangalifu, na hapo makarani ndipo penye kazi yetu. Kwanza, umri usawazishwe. Tukimlinganisha mlinzi wa miaka 58 na karani wa miaka 32, kisha tukasema walinzi ni wagonjwa, tumepima miaka wala hatukupima cheo. Walinganishwe wa miaka 40 hadi 49 kwa wenzao, na wa miaka 50 hadi 59 kwa wenzao. Pili, wanawake na wanaume waandikwe mbalimbali. Tatu, tofauti ihesabiwe kwa njia mbili. Tufanye mfano wa kubuni: katika matarishi 100 wenye presha ni 40, na katika wakubwa 100 ni 20. Kwa kutoa, tofauti ni 20. Kwa kugawanya, matarishi ni mara mbili. Baada ya miaka kadhaa matarishi wawe 30 na wakubwa 10. Kwa kutoa, tofauti ni 20 vile vile. Kwa kugawanya, matarishi sasa ni mara tatu. Anayetaka kujisifu atachukua hesabu moja na kuificha nyingine. Tena tofauti yaweza kwisha kwa wakubwa kuugua mpaka wakafika 40 kama matarishi, na hiyo si faida kwa mtu yeyote. Basi ziandikwe zote, pamoja na namba zenyewe zilikotoka.

Wapo watakaosema kwamba haya hayawezekani katika nchi yetu. Tuwajibu kwa kuwaonyesha njia wanayoipita. Ukitoka Nyakato kwa barabara ya Musoma, ukapita Igoma, wafika Kisesa. Huko tangu mwaka 1994 wachunguzi walianza kwenda nyumba kwa nyumba, wakiandika waliozaliwa, waliokufa, waliohama na waliohamia, hasa kwa ajili ya kujua mwendo wa Virusi vya UKIMWI. Wakulima wa Kisesa wakihesabika hivyo, miaka nenda miaka rudi, makarani walioketi mezani na orodha ya mishahara mikononi watasemaje kwamba hawahesabiki?

Na katika habari za UKIMWI limo fundisho kubwa. Ugonjwa ule ulihesabiwa, ukatangazwa, na tangu mwaka 2004 Serikali ikaanza kutoa dawa zake bila malipo. Kliniki zikafunguliwa, kila mgonjwa akapewa kadi na tarehe, na asipofika akatafutwa. Presha haikupata bahati hiyo. Uchunguzi wa hospitali, vituo vya afya na zahanati za upande huu wa Ziwa, uliochapishwa mwaka 2014, uliona kwamba mahali pengi palipokuwa tayari kumtunza mwenye Virusi hapakuwa tayari kumtunza mwenye presha au kisukari. Na uchunguzi mwingine wa Mwanza na kusini ya Uganda, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba presha ni nyingi, lakini wengi wenye nayo hawakujijua, na waliokuwa wakitibiwa walikuwa wachache. Palipo na daftari dawa ilifika, na pasipo na daftari watu wameachwa na Mungu wao.

Twayajua pia maneno ya wenzetu wenye hofu, nayo si ya kudharauliwa. Mmoja husema: nikipimwa na kuonekana mgonjwa, mkubwa wangu atajua, na kazi au uhamisho wangu utaharibika. Hofu hii ni ya haki. Kwa hiyo majibu ya mtu yawe yake na ya mganga wake tu, na katika daftari la chama zisiingie ila namba zisizo na majina. Tena ikiwa ngazi moja ya ofisi ina watu wachache, tuseme chini ya kumi, wajumlishwe na wa ofisi nyingine, ili asije mtu akatambulikana kwa umri na cheo chake. Mwingine husema: kumpima mtu pasipo kumpa dawa ni kumwonyesha kaburi lake. Ni kweli, na ndiyo sababu hatukubali upimaji wa kupiga picha na kuondoka. Anayeonekana na presha apewe siku ile ile karatasi ya kwenda kliniki na tarehe yake. Dawa zilizo nyingi za presha ni za siku nyingi na bei yake si ya kutisha. Kinachopungua mara nyingi ni mpango wa kuzifikisha. Wa tatu husema: mficha maradhi kifo humuumbua. Huyo tunamwambia ahsante, atangulie yeye kupimwa.

Yako na mambo yaliyo mikononi mwetu wenyewe, ambayo hayangoji waraka. Chai ya ofisi yenye vijiko vinne vya sukari twaweza kuipunguza. Kayabo, ule sangara wa chumvi, aloweshwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa. Dagaa na sato wa ziwa letu pamoja na mchicha ni chakula chema kuliko chipsi za mafuta yaliyochemka tangu jana. Akaaye karibu na kazi aende kwa miguu. Anayevuta sigara aache, na aliyeshindwa kuacha asitukanwe bali asaidiwe. Ila tusiwafanye wenzetu wajinga kwa kuwahubiri mboga peke yake. Yule mlinzi wa zamu ya usiku asiyelala, mwenye mkopo wa kausha damu unaomkata riba kila wiki, anajua vizuri kwamba kulala ni afya na kwamba madeni ni ugonjwa. Jina la mikopo ile lilitungwa na watu wanaoijua. Afya ya huyo yahitaji zamu iliyopangwa kwa haki, na chama cha akiba na mikopo cha kumtoa katika makucha hayo, kabla ya maneno yetu juu ya chumvi.

Wala tusiwasahau wale wafagiao ofisi zetu na kulinda malango yetu usiku, ambao hawamo katika orodha ya mishahara ya Serikali kwa sababu wameajiriwa kwa kandarasi. Wengi wao ni wanawake wa makamo, na wengi hawana kadi kama yetu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nasi twaomba itimizwe kwao. Lakini siku ya kupimwa wasiambiwe wasubiri nje huku wakishika mifagio. Daftari linaloacha nje watu wa chini kabisa litaonyesha kwamba ofisi ni nzima, na huo utakuwa uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri.

Basi haya ndiyo tunayotaka chama chetu kiyapeleke kwa wakubwa wa kazi, kwa adabu na bila kuchoka. La kwanza, kila ofisi iwe na siku moja kwa mwaka ya kupima watumishi wote waliotimiza miaka 40, nayo iwe siku ya kazi, ndani ya saa za kazi. La pili, siku ya kliniki ya mwenye ugonjwa wa kudumu iandikwe katika kitabu cha ruhusa kama haki yake, tarishi sawasawa na mkubwa, na asiulizwe mara mbili. La tatu, dawa za presha na kisukari zisikose katika vituo vya afya na zahanati za huku tunakokaa, ili mtu wa Nyakato asipoteze siku nzima kwa vidonge vya mwezi mmoja, na mwenye hali iliyotulia apewe vya miezi miwili au mitatu. La nne, hesabu za kila mwaka, kwa ngazi na kwa umri, bila majina, zibandikwe ubaoni na zisomwe katika mkutano mkuu wa chama.

Maombi haya hayako nje ya taratibu. Mwaka 2014 Serikali yenyewe ilitoa mwongozo wa kuzuia UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukiza mahali pa kazi katika utumishi wa umma. Tunachoongeza sisi ni safu ya cheo katika daftari. Ni safu moja tu, na karani yeyote aweza kuichora kwa rula.

Katika mkutano ujao twaomba kila tawi lilete jibu la swali hili: katika ofisi yenu, ni watumishi wangapi waliotimiza miaka 40, na ni wangapi kati yao waliopimwa presha mwaka huu, kwa kila ngazi? Tawi lisiloweza kujibu lisione haya, ila lianze kuandika kesho. Nasi wa Nyakato tumekwisha kununua daftari.

Ni sisi wenzenu,
Tawi la Nyakato.